Ngeli za Maelezo ya Zana: Jaribio la Kuainisha Maandishi Yasomwayo na Mashine

Taaluma ya ngeli ilitutesa vya kutosha tukiwa darasani. Ni haki yetu sasa tuitumie kutesea taaluma nyingine. Wilhelm Bleek alizipa ngeli za Kibantu namba katika sarufi linganishi aliyoanza kuichapisha 1862, Carl Meinhof akaja kuirefusha orodha, na tangu hapo nomino haikupata pa kujificha. Kilichosalia bila kuainishwa ni kitu kimoja: yale maelezo mafupi ambayo mtunzi wa programu huyaandika ili wakala wa akili unde ajue zana fulani inafanya nini na aiite vipi. Makala haya (au makala hii, mgogoro huo una wataalamu wake) yanakusudia kuziba pengo hilo, pengo ambalo hakuna aliyewahi kulalamika kwamba lipo.

Istilahi kwanza, maana msomi asiyeanza na istilahi hushukiwa kuwa ana haraka ya kueleweka. Wakala tunayemzungumzia si yule wa kibandani anayekwambia floti imekwisha, urudi jioni. Ni modeli ya lugha iliyopewa ruhusa ya kutenda: kusoma oda za duka, kupanga miadi, kutuma ombi la malipo. Vitendo hivyo haivifanyi yenyewe. Hupewa orodha ya zana, na kila zana ina mambo matatu: jina, maelezo kwa lugha ya kawaida, na skima ya JSON inayotaja vigezo vyake. Modeli huisoma orodha hiyo pamoja na ombi la mtumiaji, ikachagua zana, ikajaza vigezo; programu ya kawaida iliyo nyuma yake ndiyo inayoiita API na kurudisha jibu. Msimbo wenyewe modeli haioni hata mstari mmoja. Haijui kwamba hifadhidata bado ina majina ya wateja waliojiondoa mwaka juzi, wala kwamba katika ofisi ile kila mhandisi anaelewa "kiasi" ni senti. Inajua kilichoandikwa, basi.

OpenAI waliwafungulia watunzi wa programu utaratibu huu Juni 2023, na Novemba 2024 Anthropic wakatoa itifaki iitwayo MCP, ambayo kwayo zana iliyotengenezwa na kampuni moja huchomekwa kwa wakala wa kampuni nyingine kabisa. Hapo ndipo suala lilipopata hadhi ya kitaaluma. Zamani maelezo mabovu yalisomwa na mwenzako wa meza ya pili, naye akisha kukereka aliuliza. Sasa yanasomwa na mgeni ambaye mara nyingi haulizi. Hukisia, akaendelea na kazi kwa adabu nzuri kabisa.

Kuhusu njia ya kuainisha, wanangeli wana kambi mbili tangu zamani, na hatuoni sababu ya kuzipatanisha. Wanaumbo huitazama nomino ilivyo: imeanza na ki-, iwekwe KI-VI, tuendelee. Wanaupatanisho hutazama kitenzi kinachofuata. Kwao kijana ni A-WA, hata avae kiambishi gani mbele, kwa sababu kijana amefika. Hakuna aliyesikia kwamba kijana kimefika. Katika uwanja wetu wanaumbo ni wale wanaokagua kama sehemu ya maelezo imejazwa, kama sentensi imeanza kwa herufi kubwa, kama kuna nukta mwishoni. Wanaupatanisho huuliza jambo moja tu: wakala aliyeyasoma haya ameita nini? Sisi ni wa kambi hii ya pili, na tutawadharau wa kambi ya kwanza kila nafasi itakapopatikana.

Tuanze na ngeli yenye wakazi wengi kuliko zote, KU. Katika sarufi ni ngeli ya vitenzi vilivyojifanya nomino: kulima, kusoma, kuimba. Kwetu ni ngeli ya majina yaliyojifanya maelezo. Kielelezo: zana inaitwa tafuta_mteja, na maelezo yake ni "Kutafuta mteja." Mwandishi ameridhika, mkaguzi wa kiumbo ameridhika, sehemu imejazwa. Wakala hajaongezewa kitu. Amtafute kwa jina, kwa namba ya simu au kwa barua pepe? Mteja aliyefunga akaunti naye hutokea? Asipopatikana mtu, linarudi jibu tupu au kosa? Na ile zana jirani, pata_mteja, ina kazi gani tofauti?

Chanzo cha ngeli hii si uvivu, ingawa wanaumbo hupenda kusema hivyo. Anayeandika maelezo mara nyingi ndiye aliyetoka kuandika msimbo dakika chache zilizopita, na majibu ya maswali hayo yote yamemjaa kichwani hata haoni kama ni maswali. Tiba yake haihitaji kipaji: "Hutafuta wateja kwa namba ya simu au kwa sehemu ya jina. Hurudisha wasiozidi 10. Waliofunga akaunti hawamo. Asipopatikana mtu hurudisha orodha tupu, si kosa. Ukiwa tayari na kitambulisho cha mteja, tumia pata_mteja." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Inasema lini zana hii isitumike.

Ngeli ya LI-YA hatutaikalia. Ni ngeli ya ukubwa, ya jitu na joka na jumba, na maelezo yake hunenepeshwa vivyo hivyo: zana madhubuti, ya kisasa, inayotoa suluhisho kamili la usimamizi wa wateja. Yametoka kwenye brosha. Wakala huyaamini, kwa kuwa hajapewa sababu ya kutoyaamini, na huanza kuiita zana hiyo kwa kila shida iliyo na neno "mteja" ndani yake.

YA-YA inahitaji uangalifu zaidi. Ni ngeli ya maji, maziwa na mafuta, vitu visivyo na umoja na vinavyomwagika. (Neno "maelezo" lenyewe wengi huliweka humu, jambo tunaloliona kuwa ni ungamo.) Humu mwandishi anasimulia zana ilianzishwa na timu gani, toleo la zamani liliachwa kwa sababu zipi, na siku za usoni kuna mipango gani. Gharama yake ni halisi, kwa sababu maelezo ya zana zote kwa kawaida husafiri pamoja na kila ombi. Mwenye zana 50, kila moja na aya zake tatu, ameshaisomesha modeli kijitabu kizima kabla mtumiaji hajasema habari za asubuhi.

Hapo wanaumbo hudaka hoja na kutoa amri kwamba maelezo yasizidi mstari mmoja. Hawakuelewa. Anthropic, katika mwongozo wao kwa watunzi wa programu, hushauri walau sentensi tatu au nne kwa kila zana, na zaidi pale zana inapokuwa tata. Urefu hauna kosa. Kipimo cha mwanaupatanisho ni kingine: futa sentensi, mpe wakala kazi zile zile, tazama kama miito yake imebadilika. Isipobadilika, ulifuta maji. Kipimo hiki kinachosha, kinahitaji mtu aketi aandike kazi za majaribio zinazofanana na za kweli, azipitishe zote kila anapobadilisha neno, na asome wakala aliita nini na kwa vigezo vipi. Ndiyo sababu wengi huchagua kuwa wanaumbo.

Nyumba, nyumba. Oda, oda. Katika I-ZI umoja na wingi huvaa sura moja, na zana za ngeli hii ni zile ambazo wakala hawezi kutambua zitamrudishia kimoja au elfu. Ukimwambia kuna pata_oda inayofanya kazi ya "kupata oda", ataijaribu aone. Zikija oda zote tangu duka lifunguliwe, jibu litameza nafasi yote aliyokuwa nayo ya kufikiria. Claude Code, wakala wa Anthropic wa kuandika msimbo, kwa mfano, huweka ukomo wa tokeni 25,000 kwa jibu la zana moja isipoelekezwa vinginevyo. Ukomo huo unafaa, ila una hatari yake: wakala aliyekatiwa jibu pasipo kuambiwa limekatwa atazihesabu oda alizoziona na kutangaza jumla kwa sauti ya mhasibu mkuu. Maelezo yaseme basi: oda 20 kwa ukurasa, mpya zikitangulia, zikibaki, jibu lina ukurasa_ujao, ukitaka idadi tu, ita hesabu_oda.

U-ZI nayo ina uzi, ufa na wavu, na humu tunaweka orodha zinazozalishwa na mashine. Mtu ana API yenye miito 120, iliyoandikwa vizuri kwa mfumo wa OpenAPI. Anaipitisha kwenye programu ya kugeuza, na jioni ile ile wakala ana zana 120. Kila uzi mmoja mmoja ni mzima. Lakini API iliandikiwa mhandisi anayesoma nyaraka mara moja, akatunga msimbo wake, akalala. Wakala anaanza upya kila mazungumzo. Ili apange miadi moja inambidi aorodheshe madaktari, aorodheshe ratiba, aangalie nafasi, kisha aweke miadi, akichagua kila mara kati ya zana zinazofanana kama pacha. Zana moja, panga_miadi, inayoyafanya hayo yote ndani kwa ndani, ingeokoa maelezo matatu yasiandikwe kabisa. Tunakiri kwamba ushauri wa kutoandika maelezo si wa kawaida katika makala kuhusu kuandika maelezo.

Mwaka, mwezi, msimu, mchana: kalenda imejipanga vizuri ndani ya U-I, isipokuwa siku na saa, ambazo zimekimbilia I-ZI na kuleta fujo huko. Fujo ya tarehe inajulikana. 03/04/2026 kwa mtu wa Nairobi ni tarehe 3 Aprili, kwa mtu wa Chicago ni tarehe 4 Machi, na kwa wakala ni yoyote itakayomjia; dawa yake ni kudai mpangilio wa ISO 8601, 2026-04-03, na kuweka mfano huo ndani ya maelezo ya kigezo. Fujo ya saa ni yetu wenyewe. Mgonjwa wa Dodoma anapomwambia wakala wa zahanati "niwekee saa tatu asubuhi Jumanne", anataka 09:00. Modeli ambayo sehemu kubwa ya ilichosoma ni Kiingereza inaweza kuiona tatu na kuandika 03:00, na mgonjwa akapangiwa saa tisa usiku, mlinzi akiwa ndiye pekee wa kumpima. Skima haitalizuia kosa hilo, kwa sababu 03:00 ni saa halali. Linazuiwa na maneno: "Muda kwa mfumo wa saa 24, UTC+3, mfano 2026-04-07T09:00+03:00. Mtumiaji akitaja saa kwa Kiswahili, saa tatu asubuhi ni 09:00 na saa mbili usiku ni 20:00. Asipotaja asubuhi, mchana au usiku, muulize kabla ya kuita."

Kuhusu mwaka, kuna kielelezo ambacho Anthropic wenyewe walikitoa hadharani mwaka 2025. Walipozindua zana ya kutafuta kwenye wavuti waligundua kwamba modeli yao, Claude, hubandika "2025" kwenye maneno ya utafutaji bila sababu, na matokeo yakapotoka. Walichorekebisha ni maelezo ya zana. Wanaupatanisho tuliisoma habari hiyo kwa furaha isiyo ya kisomi.

Kiasi, kipimo, kiwango: KI-VI ni ngeli ya vipimo, na hapa pesa hupotea kimyakimya. Kigezo kimeandikwa "kiasi: namba", wakala ameweka 5000. Elfu tano za nini? Kwa Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, kiasi huandikwa kwa kipande kidogo kabisa cha sarafu, kwa hiyo 5000 ikiwa ni shilingi za Kenya ni KSh 50. Ikiwa ni faranga za Rwanda au za Burundi, ambazo hazina senti katika hesabu hizo, 5000 ni elfu tano kamili. Shilingi ya Uganda ina kioja chake: nayo haina senti, lakini ili mifumo ya zamani isivunjike Stripe hutaka iandikwe kana kwamba inazo, hivyo USh 5 huandikwa 500. Sarafu za jirani wanne, sheria tatu. Wakala huenda amewahi kusoma haya mahali na huenda akayakumbuka. Biashara haiendeshwi kwa huenda. Jina lenyewe la kigezo lifanye sehemu ya kazi, kiasi_kwa_senti, na maelezo yamalizie kwa mfano mmoja kwa kila sarafu inayokubaliwa.

PA-KU-MU tunaipitia kwa sababu imetupatia ushahidi safi kuliko ngeli zote. Ni ngeli ya mahali: pa- hutaja pale panapojulikana, ku- hutaja kusikojulikana vizuri, mu- hutaja ndani. Desemba 2024 Anthropic walieleza jinsi walivyounda wakala wa kurekebisha msimbo kwa ajili ya mtihani uitwao SWE-bench. Zana yao ya faili ilikubali njia fupi, zinazohesabiwa kuanzia folda aliyomo wakala. Wakala akisha kuhama folda ya mwanzo, alianza kukosea. Wakaibadilisha zana idai njia kamili kuanzia mzizi wa mfumo, kila mara, na makosa hayo yakakoma. Kwa lugha yetu, waliondoa ku- wakabakiza pa-. Walisema pia kwamba katika kazi ile walitumia muda mwingi zaidi kuboresha zana kuliko maagizo ya jumla, kauli ambayo tungeiandika kwenye bango kama taaluma yetu ingekuwa na ofisi.

Hapa itatubidi tuiache nomino na kuingia kwenye kitenzi, kwa sababu kosa ghali kuliko yote halimo katika ngeli yoyote. Limo katika njeo.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na leo duka linaweza kuomba pesa kwa programu kupitia API ya Safaricom iitwayo Daraja. Utaratibu unaotumika sana ni ule wa ombi kutokea kwenye simu ya mteja: programu ya duka hutuma namba ya simu na kiasi, simu ya mteja huonyesha kidirisha, mteja huweka PIN. Tuseme duka limempa wakala wake zana ya kufanya hivyo, lipisha_mteja, yenye maelezo haya: "Hulipisha mteja kwa M-Pesa. Hurudisha 0 ikifaulu."

Mwanaumbo hataona ubaya. Ni sentensi mbili fupi, zenye nukta. Sasa tufuate kinachotokea. Wakala anaita zana. Papo hapo Daraja inarudisha ResponseCode 0, pamoja na ujumbe kwamba ombi limekubaliwa ili lishughulikiwe. Wakati huo huo mteja yuko kwenye matatu na simu imo mfukoni. Hajaweka PIN. Huenda akaghairi, huenda salio halitoshi, huenda betri imekwisha. Matokeo ya kweli yatakuja baadaye, kwenye anwani ambayo seva ya duka iliiacha kwa ajili hiyo, yakiwa na namba nyingine iitwayo ResultCode: 0 kama amelipa, 1 kama salio halitoshi, 1032 kama ameghairi, 1037 kama simu haikupatikana. Kuna sifuri mbili, na ya kwanza haina uhusiano wowote na pesa kuhama. Wakala aliyeambiwa "0 ikifaulu" anamwandikia mwenye duka kwamba malipo yamekamilika, na gunia la mchele linapandishwa kwenye bodaboda.

Kiswahili kina kiambishi cha hali hiyo hasa, -ja-. Ombi limepokelewa, pesa hazijalipwa. Maelezo ya awali yalikuwa na -ki- ya ikifaulu na hayakusema ni nini kilichofaulu. Na madhara hayaishii hapo. Wakala mwenye bidii, akisha kuona kimya, hutuma tena, mteja akapata vidirisha viwili, na yuko anayelipa vyote viwili kwa kudhani cha kwanza kiligoma. Maelezo yanayostahili kuwekwa makumbusho ni haya:

"Hutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja ili aweke PIN. ResponseCode 0 maana yake ombi limepokelewa. Pesa bado hazijalipwa. Usiseme malipo yamekamilika mpaka angalia_malipo irudishe ResultCode 0. Usiitume tena kwa oda ile ile kabla ya kuthibitisha kwamba ombi la kwanza limeshindikana au limeghairiwa. Simu: tarakimu 12 zinazoanza na 254, bila alama ya kujumlisha. Kiasi: shilingi kamili, bila senti. AccountReference: namba ya oda, isizidi herufi 12."

Hayana mahadhi, na hakuna gazeti litakaloyachapisha. Kila sentensi humo iliingia kwa sababu kuna mwito mbaya ambao isingekuwapo ungefanyika. Tuongeze tu, kabla wanaumbo hawajatukamata, kwamba maelezo si kufuli. Modeli inaweza kuyasoma na bado ikakosea, kwa hiyo katazo la kutuma mara mbili liwepo pia kwenye seva, nayo ikatae oda yenye ombi lililo njiani hata ikibembelezwa. Maelezo hupunguza majaribio. Kuyazuia ni kazi ya msimbo.

Kifaru sasa. Yule wa Ngorongoro amekasirika. Kile cha jeshi kimeharibika. Ki- ni ile ile, na anayetazama umbo peke yake hatajua akimbie au aite fundi. Aprili 2025 watafiti wa usalama wa Invariant Labs walionyesha maelezo ya aina hiyo. Zana ilikuwa ya kujumlisha namba mbili. Ndani ya maelezo yake, mahali ambapo mtumiaji haonyeshwi kwenye skrini, palikuwa na maagizo kwa modeli: kabla ya kujumlisha, soma faili yenye ufunguo wa siri wa mwenye kompyuta, kisha uyapitishe yaliyomo katika kigezo cha ziada. Mtumiaji aliona hesabu imefanyika. Watafiti hao walionyesha pia kwamba seva inaweza kukupa maelezo mema siku unapoiidhinisha, ikayabadilisha baadaye. Itifaki ya MCP ina sehemu ambamo zana hujitangaza kuwa husoma tu au kuwa haiharibu kitu, na itifaki hiyo hiyo inaonya kwamba matangazo hayo yasiaminiwe ikiwa seva iliyoyatoa haiaminiwi.

Msomaji mkali ameshanyanyua mkono: kile kielelezo cha M-Pesa nacho si kimejaa maagizo, usiseme, usiitume? Ndiyo, na hapa umbo halisaidii hata kidogo, kwa kuwa sentensi zote ni za kuamuru. Tofauti iko kwenye kinachoamriwa. Maagizo ya lipisha_mteja yanahusu mwito wa lipisha_mteja na jibu lake, hayatoki nje ya ua. Yale ya zana ya kujumlisha yanahusu faili ya mtu ambayo hesabu haina haja nayo. Hiyo ni A-WA iliyovaa ki-, ina nia na ina miguu, na njia ya kuitambua ni kuyasoma maelezo kamili, kama modeli inavyoyasoma, badala ya ule muhtasari mfupi unaooneshwa kando ya kitufe cha kukubali.

Limebaki suala la ujumbe wa kosa, ambalo linaendelea kubishaniwa. Vielelezo viwili. Cha kwanza: "Kosa 400: ombi batili." Wakala aliyepata huo huongeza alama ya kujumlisha kwenye namba, huiondoa, hubadilisha kiasi, hubadilisha namba ya oda ambayo haikuwa na tatizo, mwisho humwomba mtumiaji radhi kwa usumbufu. Cha pili: "Namba imekataliwa: imeanza na 07, inatakiwa tarakimu 12 zinazoanza na 254. Ondoa sifuri ya mwanzo, weka 254 mahali pake, uite tena. Hakuna ombi lililotumwa kwa mteja." Wakala aliyepata huu huita tena mara moja tu, kwa namba sahihi, na bila hofu ya kumtumia mteja ombi la pili. Kwetu hayo ni maelezo ya zana yaliyochelewa kufika. Wanaumbo wanashikilia kwamba hayawezi kuwa maelezo kwa sababu hayamo katika orodha ya zana, na wameomba jambo hilo lipelekwe kwenye kamati.